Tandemu ya kuegemea kwa watu wawili: mpimeni kwanza asiyeshika usukani

Mkienda kununua tandemu ya kuegemea, yaani baiskeli ya watu wawili ambayo mtu anakaa kwenye kiti chenye mgongo huku pedali zikiwa mbele yake, kwa kawaida anayeuliza maswali na anayejaribu kwanza ni yule atakayeshika usukani. Hapo ndipo mambo yanapoanza kwenda kombo. Dereva hata akipewa baiskeli isiyomkaa vizuri atavumilia, kwa sababu usukani ni wake, breki ni zake, na barabara yote iko mbele ya macho yake. Mwenza wake hana cha kumfariji. Magoti yakimuuma yanauma tu, vidole vya miguu vikifa ganzi hawezi kusimamisha pedali ajinyooshe, na mara nyingi anachokiona mbele ni mgongo wa kiti cha mtu. Mwenza akikata tamaa, baiskeli hiyo imekwisha, maana haikutengenezwa kuendeshwa na mtu mmoja. Kwa hiyo hapa tunazipima baiskeli hizi kwa jicho la mwenza, kisha ndipo tunamgeukia dereva.

Soko lenyewe ni dogo, na lina sababu yake. Charles Mochet wa Ufaransa alikuwa akiunda vigari vya pedali vya magurudumu manne, viti viwili ubavu kwa ubavu, kabla hajakigawa kigari hicho nusu na kupata baiskeli ya kuegemea. Mwaka 1933 Francis Faure aliitumia kuvunja rekodi ya saa moja kwa kilomita 45.055, na mwaka uliofuata chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli kikaiweka nje ya mashindano. Tangu hapo kazi hii imebaki mikononi mwa karakana ndogo ndogo. Maana yake kwako wewe mnunuzi ni kwamba spea za fremu na viti hazibadilishani kati ya kampuni na kampuni, na fundi wa kawaida huenda hajawahi kuigusa baiskeli ya namna hii.

Vipimo vya mwili

Kaeni sakafuni mkiwa na viatu mtakavyoendeshea, mgongo umegusa ukuta, miguu imenyooka. Pima kutoka ukutani hadi kwenye soli. Hiyo ndiyo namba ya kumpa muuzaji. Kimo cha kusimama hakisaidii sana, kwa kuwa watu wawili wa kimo kimoja wanaweza kupishana sentimita kadhaa za miguu, na kwenye kiti chenye mgongo ni mguu unaoamua. Mwulize kiti cha mbele kinapokea kuanzia sentimita ngapi hadi ngapi, na cha nyuma vilevile, kila kimoja peke yake. Akijibu kwamba baiskeli inamfaa kila mtu, mwombe utepe wa kupimia.

Njia za kurekebisha ni mbili. Ya kwanza, kiti kinateleza juu ya fremu na pedali zinabaki palepale. Hii ndiyo rahisi, na inawafaa wanaobadilishana nafasi au wanaowapakia wageni. Ya pili, kiti kimefungwa na mlingoti wenye pedali unasukumwa mbele au kuvutwa nyuma. Hapa kuna hesabu ambayo wauzaji huipita haraka: kila sentimita 1 ya mlingoti inataka sentimita 2 za mnyororo, kwa sababu mnyororo unaenda na kurudi. Pingili moja ina milimita 12.7, na huwezi kuongeza wala kupunguza chini ya jozi moja ya pingili, ya ndani na ya nje. Ukiona mlingoti umesogezwa mbele bila mnyororo kuguswa, weka gia kubwa ya mbele pamoja na kubwa ya nyuma, taratibu, kwa mkono, baiskeli ikiwa imeinuliwa. Kama kibadilishi gia cha nyuma kimevutwa hadi kimenyooka, mnyororo ni mfupi, na siku gia hizo mbili zitakapoingia kwa bahati mbaya mlimani, kibadilishi kitang'oka pamoja na sikio lake la fremu.

Umbali wa pedali unapatikana hivi: weka kisigino juu ya pedali ikiwa mbali kabisa na wewe. Mguu unyooke bila nyonga kuhama kwenye kiti. Ukirudisha sehemu pana ya unyayo juu ya pedali, goti litapinda kidogo, na hapo ndipo penyewe. Maumivu mbele ya goti yanamaanisha pedali ziko karibu mno. Maumivu nyuma ya goti au kwenye kano ya kisigino, ziko mbali mno. Kwenye baiskeli ya kawaida mtu hujisogeza kidogo juu ya tandiko akajiponya bila kujua. Kwenye kiti cha kuegemea mgongo umebanwa, kosa la sentimita 1 linalipwa na goti.

Mikono ya pedali ya milimita 170 inayokuja na baiskeli nyingi ni mirefu kwa wengi wanaoegemea. Mwenye miguu mifupi ataona nafuu kwenye milimita 150 hadi 160, maana goti halipandi juu sana. Na hakuna sheria kwamba wawili lazima watumie urefu mmoja: hata pedali zikiwa zimeunganishwa, kinachofanana ni mizunguko, si ukubwa wa duara la mguu.

Ganzi ya vidole ni lalamiko la wengi, hasa pedali zikiwa juu kuliko kiti. Damu inapandishwa, kiatu kinabana, msukumo wote unapita kwenye unyayo wa mbele. Sogeza kibano cha chini ya kiatu, kile kinachokishika kwenye pedali, kuelekea kisigino, legeza kamba, na kwa mwenza tafuta baiskeli ambayo pedali ziko sawa na kiti au chini yake. Pedali zilizo juu humpa dereva wa mbele upenyo mzuri kwenye upepo, lakini anayekaa nyuma ya mtu mwingine hapati faida kubwa hapo. Yeye anapata ganzi tu.

Nani anapumzika, na lini

Hapa ndipo tandemu nyingi zinapowashinda wenyewe, na ndipo tunaposhauri fedha ziende kabla ya kuzitupa kwenye fremu nyepesi.

Mpango wa zamani ni mnyororo wa kuunganisha: pedali za mbele na za nyuma zimefungwa pamoja, zinazunguka kwa kasi moja, dereva akiacha wote wanaacha. Ni mwepesi, hauna cha kuharibika, na nguvu inafika gurudumuni bila kupotea njiani. Unataka watu wawili wenye mwendo unaofanana. Pimeni kabla ya kwenda dukani: kila mmoja aendeshe baiskeli yake ya kawaida mahali tambarare, ahesabu goti la kulia linavyopanda kwa sekunde 30, azidishe mara mbili. Tofauti ya mizunguko 5 kwa dakika haitawasumbua. Ikivuka 15, mmoja atakuwa anaburutwa na mwingine anazuiwa, na maneno yatafuata.

Kwenye mpango huu unaweza pia kupishanisha pedali, yaani za mbele zikiwa wima za nyuma ziwe zimelala. Nguvu inaingia kwa mtiririko laini zaidi na mnyororo unapumua. Kubadilisha ni kazi ya dakika kumi: legeza mnyororo wa kuunganisha, utoe kwenye gia moja, zungusha pedali robo duara (gia ya meno 40 ni meno 10), rudisha. Hasara yake ni wakati wa kuondoka: mmoja wenu pedali yake iko mahali pasipo na nguvu. Kwa wanaoanza tunapendelea zikae sambamba.

Mpango wa pili unampa mwenza frihwili yake. Anaweza kusimamisha miguu dereva akiendelea, akanywa maji, akanyoosha goti. Hawezi kuzungusha taratibu kuliko dereva na bado akasaidia, lakini kupumzika anaweza, na kwa mtu mwenye magoti mabovu hilo tu linatosha. Mpango wa tatu ni kila mtu na gia zake: mwenza anachagua mwendo wake mwenyewe, na nguvu za wote zinakutana kabla ya gurudumu la nyuma. Unaongeza uzito, unaongeza mnyororo wa kusafisha, na dereva hana njia ya kujua kama mwenzake anafanya kazi au anatalii. Hilo la mwisho mtalimaliza wenyewe.

Hukumu yetu: wawili wanaolingana nguvu na mwendo, mpango wa kwanza. Wengine wote, frihwili ya mwenza iwe ndiyo kima cha chini.

Baiskeli zenyewe

Ya magurudumu mawili ambayo wote wanaegemea na dereva yuko mbele ndiyo yenye kasi kuliko zote. Rans Screamer ya Marekani ni mfano unaojulikana: usukani juu ya mapaja, viti vyenye sehemu ya kukalia ya sponji na mgongo wa wavu, gurudumu dogo la inchi 20 mbele na kubwa zaidi nyuma. Nazca ya Uholanzi wametengeneza Quetzal. Kwenye tambarare na miteremko myepesi aina hii inakimbia kuliko tandemu ya kawaida kwa jasho lilelile, kwa kuwa watu wawili wanapasua upepo kwa upenyo wa mtu mmoja aliyelala nusu.

Shida yake iko kwenye mwendo wa polepole. Juu ya tandiko la kawaida mwendeshaji anajisawazisha kwa nyonga. Hapa migongo imefungwa kwenye viti, usawa unatoka kwenye usukani peke yake, na mwenza akigeuka ghafla kuangalia ndege, dereva anaisikia mikononi. Chini ya kilomita 6 kwa saa hivi baiskeli inaanza kuyumba. Ndiyo maana gia ndogo kupindukia hazina kazi kwenye aina hii. Piga hesabu: gia ya mbele ya meno 26 na ya nyuma ya meno 34, gurudumu lenye mzingo wa mita 2, kila mzunguko wa pedali unawasogeza mita 1.53. Kwa mizunguko 60 kwa dakika hiyo ni kilomita 5.5 kwa saa. Ukiongeza gia ndogo zaidi ya hapo, mtaanguka kabla hamjaitumia. Mlima unaowashinda kwa gia hiyo ni mlima wa kushuka na kusukuma, na kusukuma dude la karibu mita tatu si jambo la kutamani.

Kwa mwenza, kiti cha nyuma cha aina hii ni kizuri mgongoni na kibaya machoni. Dai jaribio la nusu saa, si la kuzunguka uwanja mara mbili.

Aina ya mseto imegeuza mpangilio: mwenza anaegemea mbele, dereva ameketi wima nyuma yake, anaongoza kwa fimbo ndefu inayofika kwenye foku ya mbele. Hase Pino ya Ujerumani ndiyo inayoonekana zaidi, na Bilenky ya Marekani wametengeneza Viewpoint. Zote mbili zinamruhusu wa mbele asimamishe pedali peke yake. Kwa swali letu la kwanza, la furaha ya mwenza, hakuna inayozishinda. Anaona kila kitu, vichwa viko karibu hivyo mnazungumza bila kupiga kelele, mlingoti unakubali miguu mirefu na mifupi, na Pino ikiwekewa pedali za nyongeza inampokea hata mtoto. Ni fupi kuliko tandemu ya kawaida, na fremu ya Pino inagawanyika vipande viwili kwa usafiri.

Lakini mzigo wote wa kuishikilia mkisimama ni wa dereva. Miguu ya wa mbele iko hewani. Dereva mwepesi mwenye mwenza mzito atatetemeka kwenye kila taa ya barabarani, na stendi pana ya miguu miwili, ya kuisimamisha imara wakati mwenza anapanda, isihesabiwe kuwa pambo. Angalieni pia vimo: dereva lazima aone barabara juu ya kichwa cha wa mbele, si ubavuni mwake. Upepo nao haupendelei mpangilio huu, kwa sababu yule wa nyuma yuko wima. Kwa safari za mji, utalii wa polepole, na wenza wasiolingana nguvu, au ambao mmoja haoni vizuri, hii ndiyo tungenunua.

Ya magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma, inaondoa suala la usawa kabisa. Greenspeed ya Australia na TerraTrike ya Marekani wamezitengeneza. Mnasimama katikati ya mlima, mnavuta pumzi, mnaendelea. Hapa gia ndogo kabisa zina maana, maana hata kilomita 3 kwa saa hamwanguki. Rover Tandem ya TerraTrike ina mfumo wa kila mtu kupiga pedali kwa mwendo wake, na viti vinateleza juu ya fremu, hivyo mnyororo hauguswi mkibadilishana. Kwa mwenza mwenye wasiwasi wa kuanguka, au kwa umri uliosogea, jibu ni hili.

Mnalipa kwa uzito, unaozoea kuwa kilo 30 na kitu, na kwa nafasi: upana wa karibu sentimita 80 na urefu wa mita tatu au zaidi. Pimeni mlango na kona ya kuingilia ndani kabla ya kulipa. Kuigeuza barabarani kunataka duara kubwa, mara nyingi mtaishia kurudi nyuma kwa miguu. Kwenye kona kali wote wawili wainamie ndani, maana gurudumu la ndani huinuka likizidiwa na mwendo. Na ipo hatari moja isiyosamehe: mguu ukiteleza kwenye pedali ukagusa ardhi, baiskeli inaupita juu na kuuvuta chini ya fremu. Viatu vya kubana kwenye pedali, au angalau kamba na kikombe cha kisigino, ni vya lazima kwa wote wawili, hata kwa kwenda dukani.

Mpangilio wa magurudumu ya mbele upimwe siku ya kwanza. Pima umbali kati ya rimu mbili kwa mbele na kwa nyuma, kwenye kimo cha ekseli, watu wakiwa wamekaa. Mbele pawe sawa na nyuma au pungufu kwa milimita 1 au 2. Ikizidi hapo tairi zinaburuzwa ubavu na kuisha haraka mno, huku mkidhani mmechoka.

Kuna njia ya nne, ya wanandoa ambao hawana hakika: Hase Kettwiesel mbili. Kila mtu ana yake ya magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma. Mkitaka kuwa pamoja mnaondoa gurudumu la mbele la ya pili na kuifunga nyuma ya ya kwanza kwa kiungo maalumu. Kila mmoja anabaki na gia zake. Ni ndefu kama treni na ina magurudumu matano, ila mkigombana mnaachana njiani na kila mtu anafika nyumbani.

Breki

Chukua watu wawili wa jumla ya kilo 150, baiskeli kilo 25 na mizigo kilo 15. Kilo 190 zikishuka mteremko wa asilimia 8 kwa kilomita 30 kwa saa, breki zinatakiwa kumeza kama wati 1,240, ukitoa kidogo kinachochukuliwa na upepo. Hilo ni joto la pasi ya umeme iliyowashwa moto wa juu, muda wote mnaposhuka. Breki za kubana rimu zinaupeleka moto huo kwenye rimu, hewa ndani inapanuka, tyubu inaweza kupasuka au tairi kuchomoka, na rimu ya inchi 20 ina chuma kidogo cha kuunyonya hivyo inawahi kuwaka. Kwa nchi ya milima usikubali chini ya diski ya milimita 203 nyuma. Breki za haidroliki zinavuta vizuri kwa sababu waya mrefu wa tandemu hunyooka na kula nguvu ya mkono. Ukichagua za waya, maganda yawe yale magumu yasiyobonyea.

Tandemu za zamani utazikuta na breki ya tatu, ya dramu nyuma, iliyokusudiwa kuvutwa kidogo kidogo mteremko mzima. Arai ndiyo iliyokuwa maarufu na haitengenezwi tena, kwa hiyo ukiipata nzima, bei ya baiskeli iwe na maana hiyo. Ni kazi nzuri ya kumkabidhi mwenza: anavuta kwa amri, na dereva anabaki na breki zake mbili zikiwa baridi kwa ajili ya kusimama.

Mnyororo, puli na magurudumu

Tandemu ya kuegemea inakula minyororo mitatu au minne ya kawaida iliyoungwa. Ununue mnyororo wa aina moja, siku moja, kwa sababu kipande kipya ndani ya kilichochakaa hutafuna meno ya gia. Uchakavu unapimwa hivi: jozi 12 za pingili zikiwa mpya ni milimita 304.8. Zikifika karibu 306.5, badilisha. Habari njema ni kwamba mnyororo mrefu unazeeka polepole, kila pingili inapita kwenye gia mara chache zaidi.

Kinachokosewa zaidi ni puli zinazouongoza mnyororo chini ya viti. Upande unaovuta nguvu unataka puli yenye meno na beringi iliyofunikwa, iliyofungwa kwa bolti nene, maana mnyororo ukipindishwa hapo unaisukuma puli kwa nguvu kubwa. Upande unaorudi hauna mzigo, roda laini inatosha. Jaribu hivi: dereva abane breki zote, mwenza akanyage pedali kwa nguvu zake zote, na mtu wa tatu aangalie puli. Ikiinama au bolti ikizunguka, mmepata chanzo cha mngurumo ambao utawafuata kila mlima. Mabomba ya plastiki yanayofunika mnyororo ni kwa ajili ya suruali na fremu. Ncha zake zipanuliwe kidogo kama tarumbeta, la sivyo mnyororo unazikereza na kupiga kelele. Mnyororo wa kuunganisha uachwe na mchezo wa milimita 12 hivi katikati yake. Ukikazwa sana unaua beringi za pedali, ukilegea unaruka meno siku ya kuondoka mlimani.

Magurudumu yasome kwa namba za ubavuni, si kwa inchi. Inchi 20 inaweza kuwa 406 au 451, na tairi ya moja haiingii kwenye nyingine. Chagua 406, ndiyo yenye tairi nyingi duniani. Mzigo wa karibu kilo 95 kwa kila gurudumu unataka spoku 36 kwenye dogo na 40 kwenye kubwa, na habu ya nyuma pana, milimita 145 ndiyo iliyozoeleka kwenye tandemu. Spoku hukatika kwenye kiwiko, upande wa gia, na chanzo karibu kila mara ni mkazo usiolingana, si spoku mbovu. Fungeni spoku tatu za akiba za kila urefu kwenye fremu. Upepo pimeni kila wiki, karibu na kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye tairi, kwani tairi nyembamba yenye upepo pungufu chini ya watu wawili inapata pancha ya kubanwa kwenye shimo la kwanza.

Siku ya kujaribu

Kwenye magurudumu mawili dereva wa mbele akae kwanza, miguu yote miwili chini, breki zote zimebanwa. Mwenza apande, afunge miguu yote kwenye pedali, aseme yuko tayari. Gia iwe ya chini ya katikati, kwani gia ndogo mno inaisha kabla ya usawa kupatikana. Dereva apeleke pedali moja mbele kidogo ya kilele, ahesabu kwa sauti, aachie breki, na wote wasukume pamoja. Kosa la kawaida ni mwenza kusukuma mapema breki zikiwa zimebanwa, kisha kulegea wakati zinaachiwa.

Fanyeni kuondoka na kusimama mara kumi, kisha mwendo wa kutembea kwenye njia ya upana wa mita moja, kisha kugeuka bila kushusha mguu kwenye barabara ya njia mbili. Wasioweza la tatu mwishoni mwa saa moja wafikirie mseto au magurudumu matatu. Halafu mwenza peke yake aulizwe maswali, dereva akiwa mbali: miguu ikoje, unaona nini, ungeendelea saa nyingine mbili?

Ikiwa imetumika

Tandemu nyingi za kuegemea hupatikana mkono wa pili, mara nyingi zikiwa zimetembea kidogo sana. Angalia kwanza kama mtengenezaji bado yupo. BikeE ya Marekani, iliyotengeneza tandemu ya E2, ilifungwa mwaka 2002, na viti vyake na reli zake utazitafuta kwa waliobaki nazo. Wavu wa kiti uvute kwa mikono. Jua linaukausha, ukichanika mshono mmoja wote unafuata. Fremu yenye viungo vya kufungua, vya S&S kwa mfano, ifunguliwe mbele yako: meno yawe na grisi, yasiwe yamelika, na yakifungwa pasiwe na mchezo wowote ukiishika ncha mbili na kuipindisha.

Mwisho futa vumbi kwa kitambaa na uangalie kwa tochi maungio ya fremu chini ya kiti cha mwenza, nyuma ya shingo ya usukani, na pale puli ya nguvu ilipochomelewa. Rangi iliyopasuka mstari mwembamba ni ufa hadi ithibitike vinginevyo. Kwenye chuma fundi mzuri anaweza kuuchomelea. Kwenye alumini ya fremu nyingi uchomeleaji unaondoa ugumu uliopatikana tanuruni, na bila kupashwa upya fremu nzima itapasuka tena pembeni ya kiraka. Hiyo iacheni hapohapo hata ikiwa karibu na bure.